Kole ya Viatu kwenye Meza ya Libuyu

Mwezi uliopita tulimzika Konseye. Tulimzika kwa mahema matatu, kwa fanfara ya parokia na tarumbeta zake, kwa tisheti nyeupe zenye sura yake kifuani, na kwa hotuba tano ambazo zote zilirudia neno moja: aliunganisha watu. Mtoto wake wa kwanza alilisema akilia, mwenyekiti wa mtaa alilisema akisoma kwenye karatasi, na mzee mmoja wa kanisa, ambaye wakati wa vita alikuwa akivuka barabara ili asikutane naye, alilisema mara mbili. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya wali mapajani, nikatafuna nyama ya matanga taratibu sana, ili mdomo wangu uwe na kazi nyingine. Kuunganisha ndiyo kazi yangu. Zaidi ya miaka ishirini nabandika vitu hapa Bunia: viti, viatu, sahani, redio zilizopasuka, vitabu vya kwaya. Mtu akisifiwa mbele yangu kwamba aliunganisha, nina haki ya kuuliza: aliunganisha nini na nini, na alitumia nini?

Ya familia yangu nayaacha, hayaongezi kitu hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shule ya ualimu niliyokuwa nasoma ilikuwa imefungwa na madawati yake yamepikiwa maharagwe ya askari, na nilikuwa nakaa kwa Muzee Ukumu, mtu wa Mahagi kama mama yangu, fundi wa vitu vilivyovunjika. Mwaka ule mji ulikuwa unabadilisha watawala kama mgonjwa anavyobadilisha ubavu: kila akigeuka anaugua upya. Nyumba ya Muzee ilikuwa na vyumba viwili. Cha nyuma tulipikia, na mimi nililala humo nyuma ya pazia. Cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na harufu yake ilinasa kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye sombe, majani ya muhogo tuliyokula bila mafuta siku sita za juma. Kulikuwa na benchi, dirisha moja lenye nondo, na rafu ambayo sikuruhusiwa kuipanga, kwa sababu ilikuwa imepangwa kwa akili ya Muzee, na hiyo, alisema, hakuna mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa nayo.

Kwenye rafu ile kulikuwa na gundi, au kole kama tunavyosema sisi. Nyeupe ya mbao, kwenye ndoo yenye kifuniko. Ya manjano ya viatu, nzito kama asali, inayopanda kichwani ukiifungua. Ile ya tubu mbili, ambayo unachanganya nusu kwa nusu kwa njiti kisha unabandika nayo sahani na chuma. Solisyo ya kuzibia matairi ya baiskeli. Sufuria ya uji wa muhogo wa kubandikia vitabu, uliotiwa pilipili ili mende wasiule. Na kile kitubu kidogo cha haraka, ambacho Muzee alikidharau kuliko vyote. “Hii inabandika kwanza vidole ya mujinga,” alisema, “kisha, kama inabakia kidogo, njo inabandika kitu.” Leo vijana wote wanakipaka hicho kitubu kila mahali, kwenye soli, kwenye kiti, kwenye kikombe cha chai ya moto, na kesho yake wananiletea vipande huku wakilaumu kiwanda. Nawapokea. Ila huwa nawatazama vile Muzee alivyonitazama mimi wiki ile ya kwanza, nilipomuuliza kole gani iliyo na nguvu kuliko zote.

“Swali ya watu ya siasa hiyo,” alisema. “Hapana uliza kole, Afoyo. Uliza kitu. Mbao inataka nini? Inataka kole iingie ndani yake, ifungwe kwa nguvu, iachwe siku nzima na kimya. Kiatu inataka nini? Kiatu inatembea, inajikunja, basi inataka kole yenye inajikunja. Unapaka huku na huku, unangoja mpaka haishike kidole tena, njo unagonga na nyundo. Na beseni ya plastiki?” Nikasema sijui. “Haitaki kole yoyote. Ile inateleza kila kitu. Unatoboa na kisu ya moto, unashona na waya. Kuko vitu vyenye kole haiweze. Mutu mwenye hajue ile, hapana muachia ata kijiko.”

Wateja wetu wa mwaka ule walikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ni watu waliokuwa wanabandika kidogo walichobaki nacho. Aina ya pili ni watu waliokuwa na vitu vipya kila wiki. Mimi sina chuki na mwizi mwenye njaa. Lakini waporaji wa vita ni watu wavivu, na uvivu wao nilikutana nao kila siku kwenye benchi. Sijawahi kuona mporaji aliyegeuza meza ubavu ili ipite mlangoni. Anaivuta, mguu unakwama, anaivuta tena, mguu unavunjika, kisha anaibeba hivyo hivyo mpaka kwake, na keshoye anamletea Muzee akisema ni ya urithi. Mwaka ule nilijua kwamba mababu wa Bunia walikuwa wameacha urithi mkubwa sana, na wote walikuwa wameuacha wiki moja.

Konseye alikuwa mkubwa wao. Konseye maana yake mshauri; mshauri wa nini, hakuna aliyejua. Kila kundi lililouteka mji lilimkuta tayari ni Konseye, na lilimwacha hivyo. Alivaa kofia ya manyoya kwenye jua la saa saba, na kwapani alibana folda ya buluu ambayo siku moja ilimwanguka mbele yetu: ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Nyumbani kwake alikuwa na friji tatu, mtaa mzima ukiwa hauna umeme tangu zamani. Mkewe aliweka viatu ndani ya moja, unga ndani ya nyingine, na ya tatu aliifunga kwa kufuli. Watu walimsalimia kwa mikono miwili. Mimi pia. Simcheki mtu kwa hilo.

Alhamisi moja asubuhi alifika na wanaume wanne wamebeba meza. Ilikuwa ya libuyu, mbao yetu nzuri nyekundu, ndefu ya kulisha watu kumi, na miguu miwili ya upande mmoja ilikuwa imeng’oka kwenye matundu yake.

“Muzee Ukumu,” akasema, “hii ni meza ya babu yangu. Dimanshi, siku ya misa, niko na mugeni, komanda mwenyewe anakuya kula kwangu. Nataka isimame sawa mupya.”

Muzee alipitisha dole gumba kwenye kiungio cha mguu wa tatu, ule mzima. Alilipitisha taratibu, akarudi, akapitisha tena. “Babu yako alikuwa na bahati,” akasema. “Alipata fundi muzuri.”

“Sana,” Konseye akasema.

Walipoondoka nililala chali chini ya meza, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshajua. Pale kwenye ubao wa chini, kwa penseli, kulikuwa na jedwali la saba: saba mara moja, saba mara mbili, mpaka saba mara kumi na mbili. Mwandiko ulikuwa wangu. Darasa la sita nilikuwa naenda kwa Madamu Beatrice, mwalimu wetu, kila Jumamosi kwa masomo ya ziada, na kwa kuwa la saba halikuingia kichwani, nililiandika chini ya meza yake nikawa naangusha kalamu ili niinamie kulisoma. Madamu hakunikamata kamwe, au alinikamata akanyamaza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, ambaye baada ya somo alitupa ndizi za kuchemsha na maziwa kwenye meza hiyo hiyo, na hakuruhusu mtu kuanza kabla wote hawajakaa. Mtaa wake ulikuwa umechomwa miezi mitatu kabla. Yeye, mumewe na watoto wao wawili walikuwa wametoka kwa miguu kuelekea kusini, na hatukuwa na habari yao.

“Muzee, meza ni ya Madamu Beatrice.”

“Najua. Ile kabari nyeupe kwenye mguu niliiweka mimi.”

“Na tutamutengenezea huyu?”

“Tutatengeneza meza,” Muzee akasema. “Meza haikuibia mutu. Madamu akirudia, atakuta miguu yote ine iko na nguvu. Yule anakalia tu.”

Leo naelewa alichosema. Siku ile niliona ni woga wa mzee, na nilimdharau. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwenye matanga ya Konseye niliona vijana wakitudharau sisi wazee kwa macho yale yale.

Ijumaa Muzee aliitwa parokiani, kulikuwa na unga wa kugawa, na safu ilikuwa ya kusimama kutwa. Aliniachia kazi. Kwangua kole ya zamani mpaka mbao ionekane, paka nyeupe, ingiza mguu, funga kwa mpira wa tairi, usiguse mpaka Jumapili asubuhi. Nilimwitikia. Alipopinda kona nilishusha kopo la manjano. Sikukwangua kitu. Nilipaka kole ya viatu juu ya uchafu wa zamani, tundu na ulimi, ile ncha ya mguu inayoingia humo, nikangoja isishike kidole, nikagonga kwa nyundo. Ilishika mara moja, na kwa macho ilikuwa nzuri kabisa. Kole ya viatu haiwi ngumu kamwe. Chini ya uzito inavutika kidogo kidogo kama ulimi wa mbwa, na mguu unaanza kutembea. Hilo nilikuwa nimefundishwa vizuri. Kisha nilifunga mipira vile alivyotaka, na ili harufu ipate sababu nikabandika soli za viatu vya watu watatu. Muzee aliporudi jioni na kilo zake nne za unga, alinusa, akaona viatu, akaona mipira, akasema, “Umefanya kazi.” Nililala vizuri sana.

Jumapili asubuhi wale wanaume wanne waliichukua meza, na baada ya misa mke wa Konseye alituma mtu kukusanya wasichana wa mtaa wa kugawa chakula. Sikuulizwa kama nina nafasi. Ndivyo nilivyojikuta sebuleni kwa Konseye, nimeshika sufuria ya mbuzi kwa mikono miwili, mbele ya meza niliyoiharibu. Wageni walikuwa tisa. Komanda alikaa kichwani, kijana kuliko nilivyofikiri, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, bastola ameiweka kando ya sahani kama uma. Konseye alisimama nyuma yake na hakukaa hata kidogo, akifungua bia ambazo hazikuombwa. Tayari kulikuwa na wali, ndizi za makemba, sombe, kuku wawili, kreti moja ya chupa. Niliona kitambaa cha meza kikiwa kirefu zaidi upande mmoja. Mguu ulikuwa umeshaanza kutembea.

“Weka hapa katikati, binti,” Konseye akasema. “Komanda anapenda ya moto.”

Niliweka. Mungu anajua, niliweka taratibu.

Komanda alikuwa anaeleza jambo. Alikuwa anasema kwamba nchi hii inahitaji watu wa kusimama imara, na ili tuelewe vizuri aliegemeza kiwiko. Mguu wa kwanza ulitoka bila sauti. Wa pili ulitoa mlio kama kiatu kinachong’olewa kwenye matope. Kisha upande wote ukashuka, na mbuzi, sombe, kuku, chupa, bastola na wali vikateremka pamoja kwenye mapaja ya komanda, naye akaanguka nyuma na kiti chake, miguu juu, miwani ikiwa mdomoni. Konseye alipiga magoti. Alivua kofia yake ya manyoya, akaanza kufuta nayo mchuzi kwenye suruali ya komanda, halafu kwenye viatu vyake, huku akisema, “Pardo, komanda, pardo, pardo,” na sombe ikawa inapanda kwenye mikono yake mpaka kwenye viwiko. Nimeona watu wakiomba uhai wao mwaka ule, na hao niliwaheshimu. Huyu aliomba friji zake.

Komanda aliinuka, akaokota bastola, akaitoa mchuzi. “Konseye,” akasema, “ata meza yako inakukimbia.” Akatoka, na watu wake nyuma yake. Walicheka walipofika kwenye gari.

Nilikimbia nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilitaka kumweleza Muzee kabla hawajaja, lakini nilimkuta anakula, na nilipofungua mdomo niliona aibu, nikasema naumwa tumbo. Haikupita saa moja. Konseye alikuja na askari wawili na wale wanaume wanne, na meza wakaitupa mlangoni pamoja na miguu yake.

“Nani alitengeneza hii?”

Muzee aliokota mguu mmoja. Alitazama ulimi wake, na mimi niliona alichokiona: nyuzi za manjano, laini, zinazovutika kama jibini. Aliinua macho akanitazama. Ilikuwa kama mtu anayesoma bei. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na miguu, nilikuwa nimesimama hatua mbili.

“Iko kazi yangu,” Muzee akasema. “Nilikosea kole.”

Askari mmoja alimwuliza anabandika kwa mkono gani. Walimwekea mkono wa kulia kwenye benchi lake mwenyewe, na walitumia nyundo yake mwenyewe. Kisha waliteremsha makopo yote ya rafu wakayamwaga mtaroni. Konseye alibaki mlangoni muda wote, anatazama barabara, kama mtu anayengoja teksi. Wakati wa kuondoka alipiga meza teke. “Bakia na takataka yako,” akasema.

Huyo ndiye aliyeunganisha watu.

Nesi wa kituo cha afya alimfunga Muzee vidole kwa vijiti, na vitatu vilipona vikiwa vimepinda. Kwa siku kumi na moja hakuniambia neno. Nilimpikia, akala kwa mkono wa kushoto. Nilimfulia nguo. Siku ya kumi na mbili aliingiza meza ndani kwa kuiburuta, akanipa kipande cha chupa.

“Kwangua,” akasema.

“Muzee, kwa mukono yako, naomba…”

“Mukono iko yangu. Tuko nasema juu ya mbao.” Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na dharau ambayo hata Konseye hakuipata kutoka kwake. “Uliweka kole ya viatu ndani ya libuyu. Unajua inaingia mu nyama ya mbao? Unajua hakuna kole ingine itashika pale mpaka ukwangue yote? Yule Konseye alivunja mguu ya meza juu ya ujinga. Weye ulikuwa unajua.”

Nilikwangua wiki tatu. Kole ile haitoki. Inajiviringa kama makamasi na kujificha kwenye nyuzi za mbao. Nilitumia chupa, kisu, msasa, kitambaa cha petroli, kucha. Kila jioni Muzee alipitisha dole gumba la kushoto ndani ya tundu na kusema, “Bado.” Mapigano yalirudi katikati ya kazi hiyo. Siku nne tulilala chini na makombora yakipita juu ya bati, na kundi la komanda likakimbia, na lingine likaingia, na lile likatoka. Konseye hakukimbia. Alitokea tena na folda yake. Mimi nilikuwa nakwangua. Siku alipotia dole na kunyamaza bila kusema “Bado,” nilitoka uani nikalia. Gundi nyeupe tuliipata kwa mtu aliyetoka Mahagi na lori. Nilipaka mwenyewe, nikafunga mipira mwenyewe, na Muzee alikaa kwenye kiti siku mbili mbele ya ile meza, kama mtu anayelinda mgonjwa, ili nisiiguse.

Madamu Beatrice alirudi baada ya askari wa nje kuja na magari yao meupe na mji kutulia kidogo. Alikuja mchana, peke yake, akiwa na mfuko mmoja wa nailoni. Alikuwa amekonda na bado alikuwa mrefu. Kuhusu mumewe na watoto hatukumuuliza. Mwaka ule tulijifunza kwamba mtu akifika peke yake ameshasema. Alisimama mbele ya meza yake, akaiegemea kwa mikono miwili, akaisukuma kwa nguvu. Haikutikisika. Nilimkaribisha akae, nikaleta bugali na samaki wadogo wa ziwa, na alingoja mpaka mimi na Muzee tukae ndipo akanawa.

“Ilifika hapa namna gani?” akauliza.

Muzee alikuwa anatazama sahani yake. Basi nikaeleza. Nilieleza friji yenye viatu, miwani ya jua, kiwiko cha komanda. Nilipofika kwenye kofia ya manyoya inayofuta sombe, kitu kilitoka kwenye koo la Madamu ambacho mwanzo nilidhani ni kwikwi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika kingo za meza, machozi yakamwagika kwenye bugali, akacheka tena, mwanamke ambaye shuleni hatukujua meno yake yakoje. Mimi pia nilianza. Kisha akafuta macho, na macho yake yakaangukia kwenye mkono wa Muzee uliokuwa kando ya bakuli, na vile vidole vitatu.

Kicheko kikakatika. “Muzee,” akasema polepole, “huo mukono ulipatwa na nini?”

Muzee hakujua kusema uongo. Ukiacha siku ile ya askari, sikuwahi kumsikia hata akimdanganya mteja kuhusu siku ya kukauka. Aliufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

“Mulango,” akasema. “Mulango ilinifunga, wakati ya upepo.” Kisha akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili bila ile dharau machoni. “Afoyo, rudia pale ya kofia. Madamu hakusikia muzuri.”

Nikarudia.